Begi Likishafika Mlangoni

Mara ya kwanza alikuja saa kumi na moja alfajiri na begi moja la shangazi kaja. Mtoto mdogo mgongoni, mkubwa kamshika mkono, na huyo mkubwa kavaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa karibu gizani. Ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu, na hakuwa na haja ya kunieleza. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likafunga. Mchana nilipomsaidia kupanga vitu nikakuta kanga tatu, kikaango, chaja isiyo ya simu yake, na dumu la lita tano la mafuta ya kula, nusu. Vyeti vya watoto hakuna. Kadi ya kliniki hakuna. Kitambulisho cha NIDA kilibaki kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mume.

Nilicheka nilipoliona lile dumu. Miezi kadhaa baadaye ndipo aliponiambia kwamba hakutaka kuja kwa watu mikono mitupu.

Nayaandika haya kwa ajili yako wewe unayefungua mlango: dada, shangazi, shoga, jirani, mama mwenye nyumba. Anayekimbia kipigo walau ana semina zake na vipeperushi vyake. Anayempokea huachwa ajifunze kwa makosa, na makosa yenyewe hulipwa na mwingine. Langu la kwanza nililifanya kabla ya saa nne asubuhi. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba mdogo wetu yuko kwangu, yuko salama, tumwombee. Kundi lile lina watu 46, na mmoja wao hucheza mpira na mume wake. Jioni mwanamume alikuwa getini.

Watu wa kwetu ni hodari sana wa usiku wa kwanza. Tutaamka, tutachemsha maji ya kumkanda, tutalaani, tutachanga nauli. Wiki ya pili bado tunapiga simu. Ikifika mwezi wa nne kila mtu kesharudi kwenye shughuli zake, na hapo ndipo kodi inapokaribia kuisha, mtoto anadaiwa hela ya uji shuleni, na mume anaanza kutuma ujumbe wenye maneno matamu. Kama una nguvu kidogo za kutoa, usizimalize zote wiki ya kwanza.

Tuanze na maneno, kwa kuwa hayana gharama na ndiyo tunayoyaharibu mapema. “Kwani ulimfanya nini?” Hata ukiliuliza kwa sauti ya upole, swali hilo linamgeuzia yeye kesi. “Ndoa ni uvumilivu” kashaambiwa na mama, na kungwi, na mchungaji au shehe, na ukumbi mzima siku ya kitchen party. Angekuwa hajui kuvumilia asingefika kwako na makovu ya miaka sita. Halafu kuna ile methali yetu ya ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Tumeifanya kichaka cha kujifichia. Inawahusu ndugu wenye nguvu sawa wanaogombea mpaka au maneno. Mmoja akiwa amemkalia mwenzake kifuani, ukaenda kulima, utarudi kuzika.

Kuna kosa jingine la upande wa pili, na hili ni la sisi tunaojiona tumeelimika: “Usirudi tena kwa yule mnyama!” Hiyo nayo ni amri. Huyu katoka kwenye nyumba ambayo mtu mwingine aliamua avae nini, aongee na nani, anunue nyanya za shilingi ngapi. Akifika kwako akakuta mwamuzi mpya, hata awe na nia njema, bado yuko chini ya mwamuzi. Muulize: leo unataka tufanye nini? Asipojibu, anzia chini zaidi. Mdogo wangu alichukua siku tatu kujibu kama anataka ugali au wali. Kila nikimuuliza alisema “chochote mnachokula.” Siku ya nne akasema ndizi, nikatoka mbio kwenda gengeni kabla hajabadilisha mawazo.

Sasa hatari. Wengi hudhani mtu akishatoka, mabaya yamekwisha. Wanaoshughulika na mambo haya watakuambia kwamba siku na wiki za baada ya kuondoka ndizo za kuogopa zaidi, maana ndipo mpigaji anapogundua kuwa ameshindwa kutawala. Kuna swali moja la kumuuliza mkiwa peke yenu: amewahi kukukaba shingo? Tafiti zimeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye. Kukabwa huweza kusiache alama yoyote. Sikiliza sauti kama imekwaruza, uliza kama anapata shida kumeza, kama alizimia au alijikojolea. Mpeleke hospitali hata kama shingo ni safi.

Hospitalini watauliza PF3, ile fomu ya polisi. Ombeni kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na litajeni kwa jina, kwa sababu ukiishia kaunta unaweza kukutana na yule wa “kayamalizeni nyumbani.” Kama ana hali mbaya, matibabu kwanza, fomu baadaye. Kama alibakwa, na ndani ya ndoa pia mtu hulazimishwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Namba ya RB, ile ya taarifa mliyoiandikisha polisi, iandike kwenye simu yako pia, kikaratasi hupotea. Kwa walioko Zanzibar, vituo vya Mkono kwa Mkono vinaweka daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, jambo linalopunguza safari za kueleza aibu ileile kwa watu watatu tofauti.

Simu ndiyo iliyotushinda akili. Tulihamisha watoto, tukabadilisha njia ya kwenda sokoni, na bado mume wake alijua tulipo. Kumbe simu aliinunua yeye, ikafunguliwa kwa akaunti yake ya Google, na mwenye akaunti anaweza kuitafuta simu ilipo kama anayetafuta iliyoibiwa. WhatsApp ya mdogo wangu nayo ilikuwa imeunganishwa kwenye kompyuta ya dukani kwa mume. Ujumbe wote ulikuwa unasomwa. Kwa hiyo fungueni sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, mkate kila msichokijua. Badilisheni namba za siri za M-Pesa na za benki. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wanawake wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, na mwenye jina anaweza kwenda dukani akairudisha kwake kesho, na hela iliyomo. Kama kuna simu ya zamani ya vitufe, mpe hiyo kwa mwezi mmoja. Mdogo wangu alilalamika sana, kisha akakiri kwamba ndio mwezi wa kwanza aliolala usingizi.

Shuleni, mwone mwalimu mkuu na umwambie kwa jina nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Usitume mtu.

Akitaka kwenda kuchukua vitu vyake, asiende peke yake, na msiende wawili mkidhani mtaongea naye kiutu uzima. Nendeni na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au ombeni askari. Andikeni orodha kabla ya kutoka nyumbani, vyeti viwe juu kabisa: vya kuzaliwa, cha ndoa, vya shule, kadi ya kliniki, hati au mkataba wowote wenye jina lake. Televisheni iache. Sisi tulipoteza dakika ishirini tukibishania jokofu, cheti cha ndoa tukakisahau.

Kuhusu sheria, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hupotoshwa na wazee wao wenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine. Niliwahi kukisoma kifungu hicho kwa sauti kwenye kikao cha familia. Mjomba mmoja akaniuliza sheria hiyo ya Kizungu nimeitoa wapi. Nikamjibu ilipita Bungeni wakati wa Mwalimu, yeye akiwa darasa la pili.

Akifikia kutaka talaka ya mahakamani, kifungu cha 101 kinadai shauri lipitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Linaweza kuwa la kata au la taasisi ya dini. Kwa aliyepigwa, maana yake ni kukaa benchi moja na aliyempiga huku wazee wakimuuliza kama hawezi kusamehe. Sheria hiyohiyo imeacha mlango: mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane, inaweza kulisikiliza shauri bila kupitia huko. Usimwachie aje kuligundua hilo akiwa tayari yuko kwenye benchi. Amwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria mapema, na abebe PF3 zote, hata za miaka ya nyuma.

Mali nayo. Kuna wanawake wanaoondoka wakiamini hawana chao kwa sababu hawakuwahi kuajiriwa. Kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kupika, kufua, kulea, vinahesabika. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mume alizitumia vibaya. Maelfu waliokuja baada yake ndio waliokula matunda ya kesi yake.) Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hicho ni kifungu cha 59, na anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi kabla mume hajawahi. Kuhusu watoto, sheria inaanzia kwenye dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, ingawa mahakama inaweza kuona vingine ikipewa sababu.

Msaada wa bure upo. Kuna mashirika ya TAWLA, WLAC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata, ambao tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayowawezesha kuomba mahakama imzuie mtu asisogee, na wana simu ya bure 1195. Huku Bara hatuna sheria ya namna hiyo peke yake, tunaunganisha vipande. Kwa watoto walio hatarini, piga 116, ni bure.

Fedha ndiyo inayowarudisha wengi, hata kuliko mapenzi. Fanya hesabu ya Dar es Salaam kama nilivyoifanya kwenye daftari la mdogo wangu. Chumba kimoja Sh 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: Sh 360,000. Dalali anachukua ya mwezi mmoja. Hapo ni Sh 420,000 na bado hajanunua godoro, ndoo, mtungi mdogo wa gesi, wala hajalipa zamu yake ya LUKU. Nani aliyetoka na dumu la mafuta anazo hizo? Kwa hiyo ukiulizwa na ukoo “tusaidieje,” usiseme “chochote tu.” Sema: kodi. Na ikiwezekana ongea wewe na mwenye nyumba, mtu mzima kwa mtu mzima, umwombe apokee miezi mitatu kwa dhamana yako. Wa kwanza alikataa, wa pili akakataa, wa tatu akasema binti yake naye alirudi nyumbani mwaka jana, akakubali.

Mzuie, kwa upole, na mikopo ya kausha damu. Wakopeshaji hao wanampata haraka mtu wa namna hii. Ana shida, hana wa kumuuliza, na wao hawaulizi maswali. Atalipa kila siku jioni, na akikwama atakuwa amehama kutoka kwa mtu mmoja wa kumwogopa kwenda kwa watatu. Kikoba cha wanawake anaofahamiana nao ni bora, hata kama mwanzoni atanunua hisa moja. Halmashauri nazo hutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Inaenda kwa kikundi, na anayejua njia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Inachukua muda, ndiyo maana nasema iwe hesabu ya mwezi wa sita. Ya kesho itoke kwingine.

Na tafadhali, kabla hujamnunulia cherehani, muulize kama anajua kushona. Sijui nani alituroga na cherehani. Nimeona mbili zikiwa zimefunikwa vitambaa kwenye vyumba vya watu waliokuwa wauza samaki wazuri kabisa. Mdogo wangu alikuwa anajua maandazi. Alihitaji karai, mfuko wa ngano, na mtu wa kumwangalizia mtoto kuanzia saa kumi usiku hadi saa mbili asubuhi. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kigumu kupatikana, na hakuna aliyekuwa amekifikiria.

Utachoka, naye atakuchosha. Wanaosema mgeni siku ya kwanza apewe wali, siku ya tatu jembe, walijua jikoni kukoje. Wiki ya tatu mdogo wangu alikuwa amepanga upya makabati yangu yote. Chumvi siioni, sufuria za juu ziko chini, na mume wangu anaulizwa na mtu mwingine kama ataongeza mboga. Nilinuna. Nilikuja kuelewa kwamba ile ilikuwa nyumba ya kwanza baada ya miaka sita ambayo aliweza kuhamisha kitu kutoka mahali pake bila kupigwa. Lakini kuelewa hakukuleta chumvi. Tuliongea, tukagawana: jioni jiko ni langu. Ukiona unafikia mahali unakasirika akikohoa, tafuta ndugu wa pili ampokee kwa wiki mbili. Msaada wa mtu mmoja huishia kwenye masimango, na masimango anayajua, ndiyo aliyoyakimbia.

Watoto hawataongea. Wataonyesha. Mkubwa, miaka saba, alianza kukojoa kitandani, na mdogo akawa anampiga mwanasesere kofi huku akisema maneno ya baba yake, kwa sauti ya baba yake. Usimchape kwa kukojoa. Usimfanye mpelelezi pia: “baba alisemaje, baba alikuja na nani?” Ratiba ndiyo dawa niliyoona ikifanya kazi, kula saa ileile, kulala saa ileile, taa ya korido iachwe ikiwaka. Ikizidi miezi, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakuelekeza pa kumpeleka.

Kwa mwajiri nina moja tu: mruhusu achelewe siku za mahakama, na usiwaeleze wenzake kwa nini. Kwa viongozi wa dini nina mengi ila nafasi haitoshi. Niseme tu kwamba anayewaita wote wawili ofisini pamoja, amsikilize mke mbele ya mume, hatapata ukweli, na mke atalipia kila neno wakifika nyumbani. Na wanaume wanaopigwa wapo, nimeongea na mmoja. Yote niliyoandika yanawahusu, pamoja na kicheko wanachokutana nacho kaunta.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba wanawake wanne katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Hesabu waliokaa kwenye kikoba chenu Jumamosi. Basi uwezekano ni mkubwa kwamba utafungua mlango huo, na pengine utaufungua zaidi ya mara moja. Mwanamke hurudi, mara nyingine zaidi ya mara moja, na sababu ziko hapo juu: kodi, watoto, kikao cha wazee, na ukweli kwamba bado anampenda yule mtu wa siku nzuri. Akikuambia anarudi, meza yale yaliyo mdomoni. Usimwambie “safari hii usije kwangu,” maana atakuamini. Baki na nakala za vyeti vyake. Weka akiba ya nauli yake mahali. Kubalianeni neno.

Mdogo wangu, ambaye leo ana chumba chake na karai la pili, alirudi kwa mumewe mwezi wa nne. Kodi ilikuwa imebaki ya wiki mbili, na wazee wa upande wa pili walikuja na kilo kumi za sukari na maneno. Nilimsindikiza hadi stendi. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilimpa nauli bila kumtazama, lakini neno tulikuwa tumeshakubaliana, la kijinga tu, ili hata mume akilisoma asishtuke.

Siku ya kumi na tisa, saa nne usiku, simu iliita mlio wa ujumbe. “Dada, unga umeisha kwako?”

Nikaandika “Upo, njoo uchukue,” nikaenda kubandika maji ya kuoga.